Dakika Thelathini na Tano hadi Kawetele

Vijana wangu wa chumba cha kompyuta, siku mliyoniaga kwa soda na keki mlinitaka niandike zile mbinu za zamani nilizokuwa nikiwasimulia kila mtandao ulipokatika. Haya, nimeandika. Habari za vyeo nimeziacha, maana vilikuwa vichache na vyote vilichelewa. Mtakayoyakuta humu ni jinsi tulivyofanya kazi na mashine ambayo uwezo wake wote usingetosha kubeba picha moja ya simu zenu, pamoja na jambo moja nililolifanya kwa mashine hiyo na ambalo sikuwahi kuwasimulia.

Niliingia kiwandani nikiwa mpiga chapa. Ulikuwa wakati ule serikali imeanza kuachia mashamba na viwanda kwa watu binafsi, na kila juma sura mpya ilishuka kwenye gari na kutuuliza sisi hapa huwa tunafanya nini hasa. Meneja mpya hakuuliza. Alileta kompyuta. Ilifika juu ya lori la majani mabichi, imefunikwa turubai mbili kwa ajili ya mvua ya Tukuyu, ambayo haijawahi kumwogopa mgeni. Wapiga chapa tulikuwa watatu, nami nikachaguliwa kwa sababu moja tu, kwamba nilipiga chapa bila kutazama vidole. Mwalimu alikuja kutoka Dar kwa siku nne, na moja kati ya hizo umeme haukuwepo. Alipoondoka aliniachia kitabu kinene cha Kiingereza, nikakisoma chote kwa kamusi ya mdogo wangu wa sekondari.

Mashine yenyewe ilikuwa na kioo cheusi chenye herufi za kijani. Ndani haikuwa na diski ya kuhifadhia kitu. Ilikuwa na matundu mawili ya kuingizia disketi, zile nyembamba zinazopinda kama kadi ya kliniki. Disketi ya kwanza iliamsha mashine, ya pili ilibeba kazi, na ukizima bila kuhifadhi, umejiandikia hewa. Adui yangu mkubwa alikuwa mitambo ya kusaga chai. Ilipowashwa saa tatu asubuhi taa zote zilififia, na mashine ikasahau kila kitu nilichoiambia tangu alfajiri. Nilijifunza kusikiliza mafundi wakifungua mlango wa mitambo. Nikisikia lile komeo, mkono unakwenda kuhifadhi wenyewe. Mpaka leo nyumbani nikisikia komeo la chuma, kidole kinashtuka.

Adui wa pili alikuwa unyevu, kwani disketi ziliota ukungu kama mkate. Nikawa naziweka kwenye kopo la maziwa lenye chai kavu chini yake, chai iliyotoka kwenye tanuri muda si mrefu, naibadilisha kila Jumatatu. Hakuna kitabu kilichonifundisha hilo. Utepe wa printa ukififia niliupaka wino wa mhuri kwa mswaki, na kwa miaka mitatu vidole vyangu vilikuwa vya zambarau hata kanisani.

Kazi ya kwanza ya maana niliyopewa ilikuwa ratiba ya malori, na hapo ndipo ninapoingia kwa Mzee Shabani. Alikuwa msimamizi wa magari, mtu wa Bulyaga, mfupi, mwenye kofia ya kufuma na maneno makali. Mnajua wenyewe kwamba jani la chai halisubiri. Likikaa kwenye magunia linapata joto, linakuwa jekundu, na kiwanda hakilitaki. Kwa hiyo malori sita yalipaswa kuzunguka mabanda yote ya kupimia, kila banda lifikiwe kabla majani yake hayajaharibika. Mzee Shabani alipanga mzunguko huo kila asubuhi kwa chaki kwenye ubao, kutoka kichwani, huku anakunywa chai ya rangi na kusikiliza redio yake ndogo.

Meneja alituita wote wawili ofisini kwake. Alisema, bila kupandisha sauti, kwamba mashine ikiimudu ratiba kwa msimu mmoja, ofisi ya magari itabaki na mtu mmoja. Hakusema yupi. Tulipotoka pale mzee akasema, "Sasa, Atupele, wewe ndiye unatakiwa kunitoa, na mimi ndiye wa kukufundisha. Mipango ya wakubwa hiyo." Mimi nilikuwa na wadogo zangu wanne nyuma yangu, na nilishajua kwamba wapiga chapa wenzangu wawili wamo kwenye orodha ya kupunguzwa. Nilimpenda yule mzee na nilitaka mashine ishinde. Vyote viwili ni kweli na sitaki kuvipamba.

Kwa majuma mawili nilikaa naye na daftari.

"Ikuti ni mwendo wa muda gani?" nikauliza.

"Ikuti ya kiangazi au Ikuti ya mvua?"

"Ya kiangazi."

"Kwa dereva gani?"

"Mzee, mashine haijui madereva."

"Basi haijui Ikuti," akasema. Lakini alinipa. Saa moja na dakika tano kiangazi, ongeza dakika ishirini mvua ikinyesha. Kawetele dakika thelathini na tano. Alinipa njia zote, madaraja ya kupita kwanza lori likiwa tupu, na miteremko ambayo lori lililojaa haliwezi kuipanda likirudi.

Hapo sasa ndipo mbinu zilipoanza, kwa sababu muda wa kutoka kila banda hadi kila banda jingine haukuenea kwenye kumbukumbu ya mashine. Nikaugundua ujanja huu kwenye ukurasa wa nyuma wa kile kitabu. Kila herufi ndani ya kompyuta ina namba yake. A ni sitini na tano, B ni sitini na sita, na kuendelea. Kwa hiyo badala ya kuandika tarakimu, niliandika herufi moja yenye namba ileile. Ikuti ya kiangazi, dakika sitini na tano, ikawa A. Ikuti ya mvua ikawa U. Kawetele, iliyokuwa karibu zaidi, ikawa ile alama ya mistari miwili kwa miwili inayokatizana. Barabara zote za Rungwe zikageuka neno moja refu lisilotamkika, nikalibandika ukutani. Mzee alilitazama kwa muda mrefu. Akaniambia, "Nimezunguka huku maisha yangu yote, kumbe nilikuwa natembea ndani ya neno hilo." Nikacheka sana. Sijui kama yeye alikuwa anacheka.

Mbinu ya pili ilitoka kwake, ingawa hakukusudia. Redio yake ilikuwa ikikoroma kila mashine ilipofanya hesabu. Alilalamika kwamba nakatiza taarifa ya habari. Lakini nilipoisikiliza vizuri nikatambua kwamba mkoromo ulibadilika kadiri programu ilivyosonga. Ikiendelea salama, sauti ilipanda na kushuka. Ikikwama mahali na kuzunguka pale pale, redio ilitoa mlio mmoja usiokoma. Tangu hapo nikawa naazima redio, naiweka ubavuni mwa mashine, na kufanya kazi nyingine huku nikisikiliza. Programu ilihitaji dakika arobaini kutoa ratiba moja, na hakuna anayeweza kukodolea kioo cheusi macho kwa dakika arobaini bila kuanza kuwaza mambo ya ajabu.

Mbinu ya tatu ndiyo iliyoniponza. Katika lugha ya kuandikia programu uliweza kuweka mistari ya maelezo, ambayo mashine huiruka bila kuisoma. Ni ya binadamu, imkumbushe kwa nini alifanya hivi na si vile. Mojawapo ilihusu misiba. Huku kwetu msiba ukitokea hakuna anayekwenda kuchuma. Watu wanasubiri ndugu wa Mbeya na Dar wafike, wanazika, kisha wanabaki na wafiwa. Kupeleka lori kwenye banda la kijiji chenye msiba ni kuchoma mafuta bure. Niliiamuru mashine kwamba msiba ukiingizwa, banda hilo lirukwe siku tatu, na sababu nikaiandika kwenye maelezo. Mzee Shabani alipoona hilo akatikisa kichwa.

"Hizo siku tatu ni za misiba yenu nyie," alisema. "Sisi tukifiwa asubuhi, alasiri tumezika. Wafiwa wanakaa tanga, lakini jirani kesho yake yuko kwenye chai. Uliza kwanza nani amefariki."

Nikaongeza mstari wa maelezo kwamba mzee aulizwe kabla ya kuingiza msiba. Mwezi mmoja baadaye kumbukumbu ikajaa, na mashine ikagoma katikati ya kazi. Nikafanya walivyofanya wote wa zama zetu. Nilifuta mistari yote ya maelezo. Programu ikawa nyepesi, ikaokoa dakika sita, nami nikajisifu siku nzima.

Msimu ulikwenda vizuri. Malori yalirudi mapema kuliko zamani, meneja akapiga marufuku chaki, akatoa amri kwamba hakuna lori litakalotoka getini bila karatasi ya mashine. Kazi ya mzee ikabaki kuniletea taarifa za asubuhi kutoka kwa madereva, kama vile barabara iliyokatika, lori bovu au kijiji chenye msiba, kisha kuisaini karatasi iliyotoka.

Asubuhi moja aliniambia Kawetele kuna msiba. Nikaingiza, sikuuliza. Kesho yake walikuja wageni wakubwa kutoka Dar kuitazama mashine. Meneja alikuwa amewasimamisha nyuma ya kiti changu, mimi nimevaa gauni la kanisani. Ratiba ikatoka kwenye printa, wageni wakapiga makofi kama wako harusini. Mzee Shabani akaichukua asaini, akaisoma mpaka chini, akainama sikioni mwangu.

"Umeiruka Kawetele."

"Si kuna msiba, mzee? Wewe ndiye uliyeniambia."

"Nilikuambia jana. Walishazika jana. Marehemu Mwislamu. Leo wanachuma."

Nilimwelewa. Nataka mlisome hilo vizuri, kwa sababu baadaye nilijaribu kujidanganya kwamba sikumwelewa. Nilielewa kwamba wanawake wa Kawetele walikuwa shambani wakati ule, na nilielewa pia kwamba kurudia ratiba ni zaidi ya nusu saa, na kwamba ningepaswa kugeuka na kuwaambia wale wageni kwamba mashine imekosea. Nikamnong'oneza, "Mashine imeshatoa, mzee. Kwa leo tuiache hivyo." Akanitazama, akamtazama meneja, akasaini.

Wanawake wa Kawetele walijaza banda. Karani wao wa mizani alikuwa ameambiwa lori halitakuja, kwa hiyo naye alikwenda shambani kwake. Walisubiri hadi jioni. Kesho yake asubuhi mmoja wao, Mama Hadija, alikuja kwa miguu hadi getini kuuliza wamekosa nini. Lori likatumwa, likarudi na magunia yamepata joto kiasi kwamba mafundi hawakuweza kuingiza mkono katikati. Majani yalikuwa mekundu. Yalimwagwa yote nyuma ya kiwanda, naye Mama Hadija akiwa amesimama pale anatazama.

Meneja akaja chumbani kwangu. "Nani aliiondoa Kawetele?"

Hapo nilikuwa na jibu la kweli lenye maneno machache. Badala yake nilisema, "Taarifa za misiba analeta Mzee Shabani. Mashine inatoa kile ilichopewa. Na yeye ndiye aliyesaini."

Mmeshawahi kusema sentensi kama hiyo. Sisi watu wa kompyuta ndiyo kinga yetu, tunaitoa hata bila kuwaza. Meneja akaitikia kwa kichwa. Mwisho wa mwezi ofisi ya magari ikabaki na mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa mimi. Mzee alikuja kuchukua redio yake. Alinipa mkono, akaniambia nisisahau kwamba mvua zikizidi, daraja la chini halibebi lori lililojaa. Niliona aibu, nikasema tu, "Asante, mzee."

Juma lililofuata nilirudisha mistari yote ya maelezo, nikapunguza kumbukumbu kwingine. Tangu siku ile sijafuta maelezo ya programu yoyote. Mnanicheka kwamba programu zangu zina hadithi ndefu kuliko kazi yenyewe. Chekeni, lakini msizifute.

Mashine zilibadilika. Ikaja yenye diski ndani, ikaja yenye rangi, ikaja ya kwanza iliyokuwa na kumbukumbu nyingi hata sikujua nizijaze nini. Wadogo zangu walisoma. Kila nilipopita Bulyaga nilichagua njia ya juu, ndefu, kwa sababu ya chini ilipita mbele ya duka la Mzee Shabani la vipuri vya baiskeli. Miaka sita nilizunguka hivyo. Siku moja mvua ilinikamata pale pale, nikajikuta chini ya bati lake, na hakukuwa na njia ya juu tena.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ingia, utalowa."

Nikamwambia yote nikiwa nimesimama. Alikuwa anakaza tairi, hakuacha.

"Najua," akasema. "Nilikuwa mlangoni na daftari la madereva. Nilikusikia."

"Sasa mbona hukusema, mzee?"

"Niseme nini? Kila neno ulilolitamka lilikuwa la kweli."

Nikaanza kulia. Akaniachia nilie kidogo, kisha akaonekana kuchoka na kilio changu.

"Nyamaza, Atupele. Kazi ile ningetolewa tu, kama si mwezi ule basi mwingine. Na wewe nilishakusamehe, maana nilikuona unatetemeka. Ila Kawetele ni jambo jingine. Waliambiwa na kiwanda kwamba Shabani ndiye aliyewaruka. Yule marehemu alikuwa mjomba wa mke wangu, tukikutana kwenye shughuli natoa salamu, hakuna anayeitika. Wanatazama pembeni. Mke wangu anakwenda kwao peke yake. Miaka sita." Akaiweka tairi chini. "Kama umekuja kuchukua msamaha, umeshapata, nenda nao. Kama umekuja kutengeneza, nenda Kawetele."

Sikuwa nimewafikiria hata siku moja. Nilibeba aibu yangu miaka yote ile nikidhani ni kubwa sana, kumbe ilikuwa imejaa mimi tu.

Nilikwenda siku ya kupima, wanawake wote wakiwa bandani. "Mugonile," nikawasalimu, wakaitika kwa furaha, wakadhani nimekuja na habari za mbolea. Nikawaambia kwa Kinyakyusa, ili nisiweze kujificha nyuma ya maneno ya ofisini. Niliwaambia kwamba mzee aliniinamia sikioni akanikumbusha, na kwamba mimi ndiye niliyesema tuiache. Mizani ilisimama. Mama Hadija alikuwa na kikapu mgongoni, hakukishusha.

"Kwa nini hukusema siku ile?" akauliza.

"Niliogopa kupoteza kazi."

"Yeye akaipoteza. Majani tuliyasahau, mwanangu, yalichipua mengine. Lakini umetufanya tumnyime salamu mtu mzima, mkwe wetu, tukiona tuna haki."

Wakarudi kwenye mizani. Mnajua mgeni huku kwetu hasindikizwi chini ya nusu ya njia, hata awe mgeni wa kero. Siku ile nilitoka peke yangu hadi barabarani, na hakuna aliyegeuka.

Yaliyofuata sikuyaona, nilisimuliwa na dereva wetu aliyekuwa amepeleka baiskeli ya mwanawe kutengenezwa. Ijumaa ile, watu wanatoka msikitini, wanawake wanne wa Kawetele walishuka hadi Bulyaga na mikungu ya ndizi kichwani. Walisimama mbele ya duka, wakakataa kuingia kwanza. Mama Hadija akatoa salamu, na sauti yake haikutoka vizuri, ikabidi airudie. Dereva anasema mzee alikuwa amechutama kwenye gurudumu. Aliinuka polepole, akafuta mikono yake kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, kisha akamwitikia kila mmoja kwa jina lake.